Pimbi, Kiboko na Mechi ya Saa Sita

Wenye masikio, mpo?

Tupo.

Yako wazi?

Yako wazi.

Niyatie asali au niyatie pilipili?

Tia ulicho nacho.

Nilicho nacho ni hiki. Hapo kale, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na timu moja ndogo ikiitwa Kisimani. Nikisema ndogo, ndogo kweli. Mabeki wake walikuwa kobe wawili. Viungo wake walikuwa nguchiro. Mawinga wake walikuwa kanga, wale ndege wa madoadoa wanaokimbia sana na kufikiri kidogo. Mshambuliaji wake alikuwa Digidigi, mwenye miguu kama vijiti na shabaha kama mwiba. Na golini alisimama Muhanga.

Muhanga mnamjua? Masikio marefu kama ya punda, pua ndefu kama ya nguruwe, kucha kama majembe. Mchana hulala shimoni, jioni hutoka. Ngozi yake haina manyoya ya kutosha, na jua likimpata humbabua. Lakini ligi ile ilichezwa jioni, jua likiwa limepoa, kwa hiyo hakupata shida. Hakuwa na maneno mengi. Mpira ukija, anadaka. Mpira ukimpita, anaufuata wavuni, anaurudisha katikati, hasemi kitu.

Huyo Muhanga ndiye aliyekichimba kisima. Mwaka wa ukame mkubwa alichimba kando ya uwanja siku tisa, kucha zikamtoka damu, mpaka maji yakaja, chu, chu, chu, baridi na safi. Tangu siku hiyo kisima hakikukauka. Wakubwa walikuwa na mto na bwawa. Wadogo walikuwa na kisima.

Sasa sikilizeni kanuni ya ligi ile. Timu ikimaliza ya mwisho, inashuka daraja. Ikishuka, uwanja wake na vyote vilivyomo kwenye uwanja vinakwenda kwa bingwa. Kanuni hiyo ilipitishwa wakati wa masika, maji yako kila mahali, na hakuna aliyeuliza swali.

Bingwa wa miaka yote alikuwa Bwawani, timu ya Kiboko. Kiboko alikuwa mwenyekiti, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea naye. Alikuwa nahodha, kwa sababu mwenyekiti alimteua. Na alikuwa kipa, kwa sababu akisimama golini, tumbo linagusa nguzo hii, makalio yanagusa nguzo ile, mgongo unagusa mwamba. Hapiti hata nzi. Ukipiga shuti, mpira unagonga tumbo, bwii, unarudi ulikotoka.

Mwaka huo kiangazi kilikuja mapema. Mto ukakauka, bwawa likaanza kupungua. Kiboko aliyaona maji yakimfika mgongoni, yakashuka yakamfika tumboni, yakashuka yakamfika magotini, na chini yake tope. Hapo akakikumbuka kisima cha wadogo.

Akawaambia wachezaji wake, "Msimu huu Kisimani lazima washuke."

Wakaanza msimu. Kisimani walicheza na Vichakani, timu ya swala. Wakafungwa matatu. Walicheza na Mchangani, timu ya mbuni. Wakafungwa mawili. Walicheza na Bwawani. Wakafungwa manne.

Kocha wao alikuwa Korongo. Korongo alizoea kufikiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Baada ya mechi ya tatu mashabiki waliona amefikiri vya kutosha. Wakampigia madebe, ko ko ko ko, asubuhi mpaka jioni, mpaka akaruka akaenda zake.

Wakamleta Kasuku. Kasuku alijua majina ya mbinu zote. Alisema asubuhi, alisema mchana, alisema wachezaji wakiwa wamelala. Wakatoka sare na Majabalini, timu ya mbuzi mawe. Wakafungwa moja na Matawini, timu ya tumbili. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Mechi tano, pointi moja.

Ndipo dirisha dogo la usajili likafunguliwa, na Kiboko akamtumia Digidigi ujumbe. "Njoo Bwawani. Ukingoni kwangu kuna majani mabichi hata kiangazi. Ukikaa huko utashuka na hao, na watoto wako watakula vumbi."

Digidigi hakulala siku mbili. Siku ya tatu akaenda kumuaga Muhanga. Akasimama mlangoni pa shimo, hakuingia.

"Kaka," akasema, "mimi nina watoto."

"Najua," akajibu Muhanga kutoka ndani.

"Hapa majani yamekwisha. Jana mtoto wangu wa mwisho alikula magome."

 Muhanga alimjua Digidigi tangu hajaweza kusimama sawasawa. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga mpira, jioni kwa jioni, Digidigi akipiga, Muhanga akidaka.

"Nenda," akasema. "Watoto wale kwanza. Mpira utakuwepo."

Digidigi akaenda. Kesho yake Kasuku naye akaaga, akisema hajasomea kufundisha timu isiyo na mshambuliaji. Ikawa Kisimani hawana kocha, hawana mshambuliaji, na wanaburuza mkia. Wakaitana uwanjani. Nguchiro mkubwa akauliza nani atakuwa kocha. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

Ndipo ikatoka sauti ndogo pembeni. "Mimi nitawafundisha."

Wakageuka. Alikuwa Pimbi.

Leo mtu akikuita pimbi anakutukana, anataka kusema huna akili. Hajui anachosema. Pimbi huyu alikuwa mama mmoja mfupi, mnene kiasi, anaishi kwenye jabali lililo nyuma ya goli la kaskazini. Kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Kila siku ya mechi alichora. Mvua alichora, jua alichora. Kila jiwe la uwanja ule alilijua kwa unyayo.

Nguchiro akamwambia, "Dada, heshima yako. Lakini wewe unajua nini kuhusu mpira?"

"Mpira sijui sana," akasema Pimbi. "Uwanja naujua."

Hawakuwa na mwingine. Wakampa timu.

Kesho yake Pimbi akawaita mazoezini saa sita mchana. Wakanung'unika. Saa sita mchana? Ndiyo, saa sita mchana. Kanga walikimbia midomo wazi. Kobe walivuta shingo ndani, wakaitoa, wakaivuta ndani. Siku ya kwanza wawili walianguka. Siku ya kumi hakuanguka mtu. Muhanga peke yake hakuitwa. Yeye Pimbi alimwacha afanye mazoezi yake jioni, na alipoulizwa kwa nini, akasema, "Huyo hafundishwi."

Mzunguko wa pili ukaanza. Wakatoka sare na Vichakani. Wakafungwa na Mchangani. Wakawafunga Majabalini bao moja, na siku hiyo Kisimani watu wazima walilia. Kisha wakafungwa na Matawini dakika ya mwisho, kwa mpira uliomgonga kobe mgongoni ukabadili njia. Kobe yule alijifungia ndani ya gamba siku tatu. Wenzake wakamwekea chakula mlangoni, yaani mbele ya shingo, wakaondoka.

Akaja Ndege Karani, yule mwenye miguu mirefu na manyoya ya kisogoni kama kalamu. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi, na yeye ndiye aliyetunza msimamo wa ligi. Akausoma mbele ya watu wote.

"Matawini wamemaliza mechi zao. Wana pointi saba. Kisimani wamebakiza mechi moja. Wana pointi tano. Wakishinda, watakuwa na nane, wanabaki. Wakitoka sare, wanashuka. Wakifungwa, wanashuka. Mechi hiyo ni na Bwawani, hapa hapa Kisimani. Bwawani ni mabingwa tayari. Msimu mzima hawajafungwa bao." Akakunja karatasi yake, akaondoka kwa hatua ndefu.

Siku ile kina mama wa Kisimani walianza kuwazoesha watoto kunywa maji mara moja tu kwa siku.

Pimbi alikaa juu ya jabali lake akiutazama uwanja. Kisha akashuka, akashika njia ya Bwawani. Maana ligi ile ilikuwa na desturi: mwenyeji ana uwanja wake, lakini mgeni ndiye anayechagua saa ya kucheza na goli la kuanzia.

Alimkuta Kiboko amelala kwenye tope.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja na ombi dogo. Mechi yetu ya kesho kutwa, tunaomba ichezwe jioni, kama siku zote."

"Siku zote nachagua jioni."

"Basi nashukuru, Mheshimiwa. Kwaheri." Pimbi akageuka, akaanza kwenda upesi upesi.

"Rudi."

Pimbi akarudi.

"Umetembea njia yote hiyo kuja kuniomba jambo ambalo ningelifanya tu?" Kiboko akainua kichwa. "Mnaogopa nini?"

"Hatuogopi kitu."

"Pimbi."

"Naam."

"Mnaogopa nini?"

Pimbi akatazama chini. "Saa sita mchana, Mheshimiwa. Wenzangu wanasema utachagua saa sita mchana. Tukicheza saa sita, jua litatuua. Muhanga wetu hawezi jua hata kidogo."

"Nani kasema? Mimi mwenyewe jua linanibabua."

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikawaambia, Mheshimiwa naye ana ngozi. Wakasema, Mheshimiwa ana shida gani? Goli la kusini liko hatua tatu tu kutoka kisimani. Atachagua hilo, atachovya miguu, atajimwagia maji, jua halitamfanya kitu..." Pimbi akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kama mtu aliyetoa la ndani.

Kiboko akacheka. Ho, ho, ho. Tope likatikisika, vyura wakaruka.

"Mgeni ndiye anayechagua saa?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Na goli la kuanzia?"

"Ndiye."

"Kamwambie Karani. Saa sita mchana. Na goli la kisimani ni langu. Kisima chenyewe kitakuwa changu jioni yake, acha nikionje mapema."

Pimbi akapiga magoti. "Mheshimiwa, utatuua."

"Nenda zako."

Pimbi akaenda akilia. Alilia mpaka alipovuka kilima, huko hakuna anayemwona, na bado machozi yalikuwa yakimtoka. Mengine yalikuwa ya uongo. Mengine hayakuwa ya uongo.

Kisimani walikuwa wakimsubiri. Akawaambia, "Saa sita mchana." Kanga wakatazamana. Kobe wakatazamana. Ndipo wakakumbuka mazoezi yao, na taratibu wakaelewa, wakaanza kurukaruka na kumshika mikono. Pimbi hakuruka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo la Muhanga.

"Mechi ni saa ngapi?" akauliza Muhanga.

"Saa sita mchana."

"Wamechagua wao?"

"Wamechagua wao."

"Na wewe ulitaka wachague saa ngapi?"

Pimbi akachora mstari mchangani kwa kidole.

"Vizuri," akasema Muhanga.

"Kaka, siku hiyo atasimama Nguchiro golini. Wewe utalala."

"Nguchiro anafika wapi?"

"Ataruka."

"Digidigi hapigi juu, dada. Akiwa peke yake na kipa, Digidigi anapiga chini, pembeni, mkono wa kushoto wa kipa. Nguchiro hajui hilo."

"Nitamwambia."

"Kuambiwa siyo kujua." Muhanga akasogeza masikio yake marefu. "Wajukuu zangu wanakunywa pale. Nitasimama mwenyewe."

 Kusema kweli Pimbi alikwisha kujua atajibiwa hivyo, hata kabla hajakwenda Bwawani.

Siku ikafika. Jua likapanda, likasimama utosini. Uwanja ukawa kama kikaango. Ndege Karani akapuliza kipenga, pirrr, mpira ukaanza.

Kiboko alikuwa goli la kusini, la kisimani. Jua likimchoma, anarudi nyuma hatua tatu, anachovya miguu, anajimwagia maji, anarudi golini. Kanga wakakimbia, wakapiga. Bwii, ukarudi. Nguchiro akapiga. Bwii, ukarudi. Kanga akapiga tena. Bwii. Kiboko hata hakuinua mguu. Alikuwa akitabasamu.

Muhanga alikuwa goli la kaskazini, chini ya jabali la Pimbi. Pale jua linakuja mara mbili, mara moja kutoka juu, mara moja kutoka kwenye jiwe. Masikio yake yakawa mekundu. Ngozi ya mgongo ikaanza kupasuka. Digidigi akapiga. Muhanga akadaka. Digidigi akapiga. Muhanga akadaka. Digidigi akapiga mara ya tatu, shuti la mbali, Muhanga akauangukia, akainuka polepole, akautupa mbele. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Pirrr. Mapumziko. Hamna bao.

Kiboko akaenda kisimani, akajilaza kwenye mdomo wa kisima mzima mzima, akaukaa kama kizibo. Kisimani wakamwomba asogee wanywe. Hakusogea. Hakuna aliyekunywa.

Pirrr. Ndege Karani akasema, "Timu zibadilishane magoli."

Kiboko akafungua jicho moja. "Zibadilishane nini?"

"Magoli. Kipindi cha pili wewe unakwenda kaskazini."

Msimu mzima Kiboko alikuwa akibadilisha goli bila kufikiri, maana jioni magoli yote ni mamoja. Sasa akatazama kaskazini. Akaliona jabali linavyometa. Akamtafuta Pimbi kwa macho. Pimbi alikuwa kando ya uwanja, mikono nyuma, anatazama chini.

Akaenda. Afanyeje? Kanuni ni kanuni, na kanuni zile alizipitisha mwenyewe.

Muhanga naye akavuka uwanja kuja kusini. Alitembea kama aliyebeba mzigo. Alipofika golini akashika nguzo. Kisima kilikuwa nyuma yake, hatua tatu. Pimbi akakimbia na kibuyu cha maji, Ndege Karani akamzuia kwa bawa, maji yakamwagika yote. "Aliye nje asimpe kitu aliye ndani wakati wa mchezo."

Nguchiro akamwambia Muhanga, "Kaka, rudi nyuma kidogo ujimwagie. Sisi tutalinda."

"Digidigi yuko wapi?"

"Katikati."

"Basi siondoki."

Mpira ukaendelea. Dakika kumi. Kiboko akaanza kutoka jasho jekundu. Dakika ishirini. Ngozi ikaanza kukakamaa. Kanga wakapiga, bwii, ukarudi, lakini mara hii Kiboko aliguna. Dakika thelathini. Wachezaji wa Bwawani walikuwa wamefungua midomo kutafuta hewa, na wadogo wa Kisimani walikuwa bado wanakimbia, wanakimbia, kama siku zote saa sita mchana. Dakika arobaini.

Kiboko akalitazama jabali. Akalitazama jua. Akakitazama kisima, kule mbali, upande wa pili. Akasema, "Potelea mbali."

Akatoka golini. Du, du, du, du, akapita katikati ya uwanja. Wachezaji wake wakamwita, hakusikia. Kobe akaingia ndani ya gamba, Kiboko akamruka. Du, du, du, akampita Muhanga, akapita nguzo, na chubwii, akajitumbukiza kisimani. Maji yakaruka juu kama mti. Yaliporudi chini yalikuwa tope.

Kule kaskazini Kanga mmoja alikuwa amesimama na mpira mguuni. Mbele yake goli lilikuwa tupu. Msimu mzima hajaona goli la Bwawani likiwa tupu. Akaduwaa.

"Piga," akasema Pimbi.

Kanga akapiga. Puu. Wavuni.

Sasa msishangilie. Zilibaki dakika tano, na Bwawani wakisawazisha, Kisimani wanashuka. Wachezaji wa Bwawani wakamwita kipa wao, akatoa pua tu nje ya tope, akasema mpaka jua lipoe. Basi wakaja wote mbele. Mpira ukapigwa huku, ukapigwa kule, mabeki wakaanguka, na ghafla Digidigi akajikuta peke yake, mpira mguuni, mbele yake Muhanga.

Wakatazamana.

Digidigi akapiga chini, pembeni, mkono wa kushoto wa kipa. Muhanga alikwisha kulala pale kabla mpira haujafika. Ukamfika kifuani, akaukumbatia.

Pirrr. Ndege Karani akainua bawa. Mpira umekwisha.

Kisimani wamebaki. Kanga wakalia, nguchiro wakabingirika, kobe yule aliyejifungia siku tatu akatoa shingo yote nje na hakuirudisha. Muhanga alibaki amelala, mpira uko kifuani. Wakadhani anapumzika. Wa kwanza kumfikia alikuwa Digidigi.

"Kaka."

"Umepiga pale pale," akasema Muhanga.

"Nimepiga pale pale." Mpaka leo Digidigi hajasema kama alipiga pale kwa mazoea au kwa kusudi.

"Watoto wanakula?"

"Wanakula, kaka."

"Vizuri. Nipeni maji."

Pimbi akakimbilia kisimani na kibuyu. Kisima kilikuwa tope tupu, na katikati ya tope amekaa Kiboko.

"Toka, Mheshimiwa. Kuna mgonjwa."

"Sitoki mpaka jua lipoe."

Wakamvuta mkia, hakutikisika. Wakamsukuma, hakutikisika. Nguchiro wakaanza kufukua pembeni, kikwi, kikwi, kikwi, labda wapate maji mengine. Ardhi ilikuwa kama jiwe. Aliyejua kuichimba ardhi ile alikuwa amelala golini. Pimbi akachota tope, akalichuja kwa majani, matone manne, matone matano, akamlowesha Muhanga midomo. Wakamkinga jua kwa miili yao, kanga kwa mbawa, kobe kwa magamba. Digidigi akamshika kichwa.

Alasiri Kiboko akatoka kisimani, ngozi imembanduka mabaka mabaka. Muhanga alikuwa amekwisha kufa.

Kiboko akamwendea Ndege Karani. "Nimedanganywa."

"Saa nani aliichagua?"

"Mimi."

"Goli nani alilichagua?"

"Mimi."

"Na golini nani aliondoka?"

Kiboko akashika njia ya kwao. Alikuwa bingwa, kikombe chake kiko mgongoni, na hakuna aliyempungia mkono.

Kaburi la Muhanga lilichimbwa siku mbili, kwa kucha ndogo ndogo zilizopokezana. Digidigi alichimba nao, na hakurudi Bwawani. Siku ya pili mashabiki walikuja na ngoma, wakataka kumbeba Pimbi mabegani. Akawaambia wamwache. Nguchiro mkubwa akakaa karibu naye, akamuuliza.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua jua litamchoma," akasema Pimbi. "Nikasema, mechi ikiisha kisima kiko pale, hatua tatu, tutammwagia maji atapoa. Uwanja ule nimeupima wote kwa miguu yangu. La Kiboko kukaa kisimani sikulipima."

Siku ya tatu matope yalituama. Maji yakawa safi kama zamani. Kina mama wakawaambia watoto wanywe watakavyo, na watoto wakanywa mpaka matumbo yakalia.

Ngano ina mafunzo, na mimi siwezi kuwanyima. Funzo la kwanza: msiseme uongo, uongo hauna faida. Pimbi alisema uongo, akapata kisima. Funzo la pili, na hili ni kwa wanaocheza mpira: kipa mzuri haondoki golini. Kiboko aliondoka, yu hai mpaka leo, mnene, ananenepa. Muhanga hakuondoka. Basi shikeni mafunzo hayo, wazee wanasema ni ya kweli.

Ngano yangu naiweka kizingitini. Anayetoka na aichukue, akafike nayo kwao, chumvi aongeze mwenyewe.